Huyo Si Tumbili

Mtu wa Nairobi akiniambia tena kwamba tumbili wa Diani ni wezi, nitamuuliza: tumbili yupi? Maana aliyemchukulia chipsi zake pale mezani pengine hakuwa tumbili kabisa. Alikuwa kima. Na pengine hata hakumwibia. Siku ya kwanza alipewa kwa mkono, video ikapigwa, watu wakacheka. Siku ya pili akaja kuchukua kitu ambacho kwake kilishakuwa desturi, ndipo akaitiwa mwizi. Haya nayajua vizuri kwa sababu aliyempa ni mimi.

Agosti iliyopita tulikuwa sita, marafiki wa tangu chuo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya grupu yetu ya WhatsApp mpango ukatoka kwenye simu ukawa safari. SGR hadi Miritini, halafu gari la kukodi kupitia Dongo Kundu, bila foleni ya feri ya Likoni, na saa kumi za jioni tukawa Galu. Kwa wasiopajua, Galu ndipo kelele za Diani zinapoishia. Unapita hoteli, unapita maduka, barabara inashika kusini kuelekea Kinondo, mchanga ni uleule mweupe ila watu wamepungua, na kusi inavuma kiasi kwamba baharini kumejaa vijana wanaovutwa na vishada. Tulikodi nyumba safu ya pili. Maana yake bahari unaisikia ila huioni, na bei ni ya kusikia.

Asubuhi ya kwanza mama mmoja wa Mwabungo alituletea mahamri na mbaazi. Tukakaa barazani. Kabla sijamaliza la kwanza, akashuka mnyama wa kijivu mwenye shingo nyeupe, akakaa juu ya ukuta hatua tatu kutoka kwangu, akanitazama kama mjomba anayesubiri kukaribishwa. Mwenzangu akawasha kamera. Mimi nikanyoosha mkono na nusu hamri. Akalichukua taratibu, kwa adabu kuliko sisi tulivyokuwa tukigombania sahani, na nusu dakika baadaye video ilikuwa kwenye status ikiwa na maneno "breakfast na tumbili".

Mlinzi wa pale, mzee wa Kidigo aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mkwaju karibu na geti, alikuja polepole. Hakufoka.

"Mwanangu, huyo si tumbili. Huyo ni kima."

"Sawa, mzee."

"Na huyo kesho atarudi. Wewe keshokutwa u Nairobi. Mimi ndiye nitakayebaki naye hapa, na kazi niliyopewa ni hii." Akatoa manati mfukoni, akanionyesha.

Nilicheka, nikadhani ni mzaha wa wazee. Sikulala na neno lile usiku ule, lakini nimelala nalo usiku mwingi tangu hapo.

Basi tuanze na majina, kwa sababu naamini uvivu wetu unaanzia hapo. Pale Galu, ndani ya siku tano, bila mbuga, bila tiketi, bila gari la kufunguka paa, niliona wanyama watano wa jamii ya nyani na karibu wote sikujua kuwaita. Kima ndiye huyo wa kijivu, wa shingo nyeupe, mdadisi wa jikoni. Tumbili ni mdogo zaidi, uso mweusi, na dume lake ana korodani za rangi ya samawati, ukishamwona hutakosea tena maishani. Nyani ni yule mkubwa wa manjano anayetembea chini kama mwenye kiwanja. Komba hutoka usiku, macho kama taa za bodaboda, na analia kama mtoto aliyeachwa. Ndiye anayesingiziwa ulevi kwa kupenda tembo la mnazi. Na wa tano ni mbega.

Kiswahili kina neno kwa kila mmoja wao. Sisi tunaojivunia lugha, tunaoandika hekaya na kushindana kwa misemo mtandaoni, tunatumia neno moja kwa wote, tena neno la kutukania watu. Halafu tunashangaa kwamba hatujui yupi anakula mkate na yupi anakufa akiula.

Kumtambua mbega ni rahisi: tazama mabega. Mwili mweusi tii, na mabegani manyoya marefu meupe kama mzee aliyejitanda shali akienda Ijumaa. Hana kidole gumba, ndiyo sababu Wagiriki walitoa neno la "aliyekatwa" likazaa jina lake la kisayansi. Mtoto wake anazaliwa mweupe kabisa, mweupe wa pamba, kisha miezi ya mwanzo anabadilika kidogo kidogo. Hashuki barazani kuomba. Anakula majani, hasa machanga, pamoja na maua, matunda mabichi na mbegu, na tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, limejaa vijidudu vya kuchachusha hayo majani. Ukimpa hamri lenye sukari hujamfanyia ukarimu. Unaweza kumuua.

Na huyu mbega wa Pwani, nchini Kenya yuko Kwale tu. Wale wa Kakamega na Aberdare ni binamu zake, si yeye. Ukivuka mpaka kuingia Tanzania utamkuta tena, lakini upande huu wa mpaka makao yake ni huu ukanda mwembamba wa misitu ya Kwale, na sehemu ya ukanda huo ndiyo hiihii tuliyoijaza nyumba za likizo. Mimi nimesoma Kenya darasa la kwanza hadi chuo kikuu. Naweza kukutajia aina za twiga. Jina la mbega nilifundishwa na mlinzi wa geti nikiwa na miaka ishirini na saba.

Siku ya nne, saa moja na nusu asubuhi, tulisikia kishindo kama mlango wa chuma umefungwa kwa hasira. Stima ikapotea. Wa kwanza kutoka nje alikuwa rafiki yetu aliyekuwa anachaji simu, alitoka akilalamika. Kisha akanyamaza.

Waya unaoingia nyumba ile unatoka kwenye nguzo ya barabarani, unavuka juu ya geti, unapita katikati ya matawi ya ule mkwaju. Chini ya waya, karibu na kiti cha mlinzi, alilala mbega jike. Nywele za mkono mmoja zilikuwa zimeungua. Kifuani alikuwa ameng'ang'aniwa na mtoto mweupe, yu hai, hatoi sauti kubwa, anachunguza uso wa mama yake. Juu mtini kundi lilikuwa limetulia tuli. Nilitarajia kelele, kwa sababu kelele ndizo ninazozijua kwa kina kima. Hawa walikaa tu na kutazama chini.

Mlinzi alikuwa na namba ya simu tayari. Diani kuna shirika la kuwaokoa mbega, lilianza 1997, na watu wake walikuja na pikipiki na kreti haraka kuliko fundi wa stima. Walituambia mtoto wa mbega ni mgumu kumlea kwa chupa, kwa hivyo wanajaribu kwanza kumrudisha kwenye kundi, kwani majike wa mbega hubeba hata watoto wasiowazaa. Sijui ya huyu yaliishaje. Niliuliza mara mbili, kisha aibu ikanishika, nikaacha kuuliza.

Nikamwuliza mlinzi kama ni mara ya kwanza. Akanitazama vile mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza kama bahari ina chumvi.

"Mwaka huu?" akasema.

Nikimpigia mtu wa Nairobi stori hii, swali la kwanza huwa: kwani alikuwa anafuata nini kwenye waya? Swali zuri. Tulijibu pamoja. Ng'ambo ya barabara kutoka nyumba ile kulikuwa na kiwanja kilichosafishwa, na neno lenyewe, kusafisha, lingefaa kutushtua. Msitu wa Pwani unaoota juu ya mwamba wa matumbawe, miti iliyotumia miaka kupenyeza mizizi kwenye mawe, ukikatwa tunasema kiwanja ni kisafi. Mbega hatembei chini akiweza kuepuka. Yeye huruka, tawi hadi tawi, njia zilezile alizofuata mama yake. Ukikata miti kumi ukabakiza mmoja upande huu na mmoja upande ule, kilichounganisha njia yake ni waya wako. Ule waya kwake ni tawi. Akishika mmoja peke yake pengine atapona; akigusa wa pili, au mti na waya kwa pamoja, ndiyo basi.

Na wala si bahati mbaya ya siku moja. Kuanzia 1998 hadi 2016 visa vya wanyama wa jamii hii kupigwa na umeme pale Diani viliandikwa kimoja kimoja, vikapita mia tatu, na waliokufa au kujeruhiwa wengi wao walikuwa mbega. Hao ni wale walioonekana na kuripotiwa. Barabarani nako waligongwa sana mpaka zikatundikwa zile ngazi za kamba na mipira zinazovuka juu ya barabara ya Diani, ambazo wewe na mimi tumepita chini yake tukiwa kwenye tuktuk tukidhani ni mapambo ya hoteli. Ni madaraja. Mbega na kima wanayatumia kila siku. Niliwahi kukaa pale nusu saa nikiwahesabu wanaovuka, na nitasema bila haya kwamba ilikuwa nusu saa bora kuliko safari nzima ya boti niliyolipia.

Dawa ya umeme nayo inajulikana. Matawi yaliyo karibu na waya yanapunguzwa kila baada ya muda. Yanapunguzwa, mti haukatwi. Waya wa uchi unafunikwa kwa mpira, au unawekwa ule uliosokotwa ambao umeshafunikwa tangu kiwandani. Hakuna sayansi ya anga hapo. Mwenye nyumba aliyeweza kununua kitanda cha kuning'inia na taa zenye rangi saba kuzunguka bwawa anaweza kufunika mita kadhaa za waya. Hafuniki kwa sababu hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana na sisi kwa sisi. Sigombani na mzungu. Huyo ameshagombezwa vya kutosha na sisi tumejificha nyuma yake miaka mingi. Kuna msemo tunaoupenda sana: wanyama ni wa wazungu. Mtu anaupiga kama kadi ya mwisho. Ukimwambia asitupe chupa baharini, wanyama ni wa wazungu. Ukimwambia usimlishe kima, ah, wewe nawe umekuwa mzungu lini? Naelewa ulikotoka. Ulitoka kwenye mbuga zilizochorwa na serikali ya kikoloni juu ya malisho ya watu, kwenye sheria zilizomwita mwindaji wa kizungu mwanamichezo na mwindaji wa kwetu jangili, kwenye vibao vya bei tusivyoweza kuvisoma bila kukohoa. Msemo ulikuwa na haki ya kuzaliwa. Lakini umezeeka vibaya. Leo unatumika kumlinda mtu mwenye kodi ya nyumba elfu kumi na mbili kwa usiku asiulizwe kuhusu waya.

Kwa sababu hebu tuambiane ukweli, nani analala Galu? Mwaka 2020 ndege za kimataifa ziliposimama, ni akina sisi tuliobembelezwa na bei za wenyeji, tukaja, tukapenda, na hatujaacha kuja. Barabara ya Dongo Kundu imetufupishia safari. Krismasi na Pasaka nyumba za safu ya pili na ya tatu zimejaa lafudhi za Rongai na Kasarani. Ghorofa zinazoota pale kila mwezi zinaota kwa ajili yetu. Mjenzi anakata miti ili mimi nipate maegesho na picha ya bwawa lisilo na majani. Nikisema wanyama ni wa wazungu huku miti inakatwa kwa pesa yangu, mimi ndiye nyani asiyeona kundule.

Na mizaha yetu yote tumeirithi kutoka kwa watalii walewale tunaowacheka. Maji yakipwa, Galu unaweza kutembea karibu hadi kwenye mwamba. Kijana wa ufukweni anakuongoza, anainama, anakuwekea kiti cha pweza mkononi, mwekundu, mzuri, unapigwa picha. Unampitishia mwenzako. Naye anapigwa picha. Kiti cha pweza anapumua majini. Kila picha ni pumzi. Tulipita sita, na nyuma yetu kulikuwa na familia ya watu tisa inayongoja zamu na kiti cha pweza yuleyule. Simlaumu yule kijana. Yeye anauza kinachonunuliwa.

Nikiwa nalalamika, niruhusu nimtaje na kunguru. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akahamia bara, na sasa pwani yote ni yake. Anapora mayai na makinda ya ndege wenyeji. Mwaka 2024 shirika letu la wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja kabla ya mwaka kuisha, wenye hoteli wakiwa mstari wa mbele kulalamika. Sina shida na mpango huo, kunguru ni balaa kweli. Lakini anakula nini? Anakula tulichobakiza mezani na kilichomwagika kwenye pipa lisilo na kifuniko nyuma ya nyumba ya wageni. Tutaweka sumu, halafu Desemba tutawaandalia waliobaki karamu.

Siku ya tano, tukiwa tumenyamaza kidogo kuliko tulivyokuja, tulikwenda Kaya Kinondo. Ni mwendo mfupi tu kutoka Galu, na ni moja kati ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Hekta thelathini hivi. Unaweza kuuzunguka kabla ya chai kupoa, na bado ndani yake kuna miti ambayo kwingine Galu nimeona visiki vyake tu.

Kabla ya kuingia unafungwa kaniki nyeusi kiunoni. Ukishaingia humpigi busu mtu wako, hupigi kelele, huchumi kitu, huondoki na kitu. Mmoja wetu, sitamtaja ila anajijua, aliona kaniki akasema amekuja likizo si matangani. Mzee aliyekuwa akituongoza alimfunga tu, akakaza fundo. Ndani mwenzetu huyohuyo akauliza: na nikichukua jani moja, moja tu, la kuweka kwenye kitabu?

"Kila ajaye hapa ataka moja tu, mwanangu," mzee akasema, akaendelea kutembea.

Nimemnukuu kwa sababu katika maneno yale mna hifadhi yote niliyowahi kufundishwa kwa maneno mengi zaidi. Na hakuna mzungu aliyekuja kuyatunga. Wadigo waliweka sheria za kaya kabla Kenya haijaitwa Kenya. Serikali ilikuja kuitangaza Kaya Kinondo kumbukumbu ya taifa mwaka 1992, karne nyingi baada ya wenyewe kuitangaza. Mbega wako mle ndani. Niliwaona, juu kabisa, wakila bila haraka, na hapakuwa na waya.

Kwa hivyo usiniambie kwamba kumjali mbega ni tabia ya kuiga. Kilichoigwa ni bustani. Hebu tazama ua wa nyumba yoyote ya kukodi pale: bougainvillea kutoka Amerika Kusini, nyasi za kumwagilia maji ya kisima, mwarobaini wa Bara Hindi. Hata kivuli tulichokalia ufukweni kilikuwa cha mvinje, mti ambao asili yake ni Asia ya kusini-mashariki na Australia. Sina ugomvi na mvinje, mimi mwenyewe ni mgeni pale. Ila mbambakofi uliokatwa ili nyasi zipate jua ulikuwa mwenyeji, na aliyekuwa akila majani yake pia.

Sasa, kuna mtu atakayeniuliza swali ambalo siwezi kulijibu kwa mzaha. Na watu je? Wadigo wangapi walijikuta nyuma ya barabara wakati viwanja vya mbele vya bahari vilipogawiwa watu wa mbali? Mkulima wa Msambweni anayelinda mahindi tangu alfajiri, nyani wakingoja ageuze kichwa, unamwambia nini wewe wa likizo? Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilipoorodhesha wanyama ambao hasara ya mazao yao inaweza kulipwa fidia, iliwaandika ndovu na kiboko na wenzao wakubwa. Kima na nyani hawakuandikwa. Mtu anapoteza shamba kwa mnyama ambaye serikali inasema ni mali ya taifa lakini deni lake si la taifa.

Sina jibu la kumpa mkulima huyo, na simwombi chochote. Yeye ameishi na nyani maisha yake yote bila mimi. Ninachojua ni kwamba kima niliyemfundisha barazani kwamba binadamu ni sahani hataishia kwenye ukuta wa nyumba ya kukodi. Atakwenda na somo lake hadi jikoni kwa mama wa mahamri, ambaye hana mlinzi wala manati. Hasira ya yule mama itampata kima, na ilipaswa kunipata mimi. Anayesema watu kwanza na aanze hapo: aache kuwatengenezea watu wa Mwabungo majambazi halafu apande treni.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulikaa tano na hakuna aliyetupa. Tulilipa, tukadhani malipo ndiyo jembe. Mimi nimejichagulia la kwangu na halina uzito wowote, mtu yeyote mwenye simu anaweza kulibeba. Kabla sijalipa nyumba nauliza: waya unaoingia kwenu umefunikwa? Matawi yalipunguzwa lini? Mapipa yana vifuniko? Mlinzi anatumia nini kufukuza kima, na nani alimwambia atumie hicho? Mwenye nyumba akiulizwa na mgeni mmoja atadhani ni kichaa. Akiulizwa na kumi mwezi wa Desemba atampigia fundi. Huyu mtu hana itikadi, ana kalenda ya kujaza. Kamera zetu zilimfanya achimbe bwawa. Maswali yetu yatashindwaje kumfanya afunike waya?

Niliporudi Nairobi niliandika maoni kwenye ile app tuliyokodia. Nyota tatu. Nilisifu godoro, nikasifu upepo, nikasema mlinzi ni mwalimu bora kuliko wengi walionifundisha, kisha nikaeleza habari za waya na mbega bila kuongeza chumvi. Nilikiri na hamri langu. Mwenye nyumba hajawahi kunifokea. Aliniandikia kwa upole, akaniita dada, akasema maoni yale yanamharibia msimu, na kama ningeyaondoa angenipa siku mbili za bure Desemba.

Nikamjibu: "Asante sana. Na ule waya?"

Tiki mbili za buluu. Wiki nzima kimya. Kisha juzi akanitumia picha, bila maneno, kuonyesha kwamba tatizo limekwisha. Geti limepakwa rangi mpya. Waya ni uleule, unavuka juu ya geti, uchi kama ulivyokuwa, ila sasa umepita kwenye anga tupu. Mkwaju haupo. Wamekata hadi kwenye shina, wamemwaga kokoto juu yake, na kile kiti cha plastiki cha mlinzi kiko palepale pa zamani, juani.

Maoni yangu bado yapo. Nimeongeza aya moja.